Dakika Tatu Hadi Ng'ambo

Habari za kifo cha dereva wetu mmoja nilizipata kwa mwenzake, aliyepiga simu ofisini kuomba tuifunge akaunti ya marehemu, maana maombi ya abiria yalikuwa bado yakiingia kwenye simu yake huko matangani. Nilimpa pole, kisha nikakaa nikijiuliza kama niliitamka kwa sauti inayofaa.

Wasomaji wangu mnajua kwamba siku za kazi niko katika kampuni ndogo ya teksi za mtandaoni hapa Changamwe, na kazi yangu ni kuwazuia madereva wasituhame. Kwa shahada yangu ya biashara nilibuni vyeti vya pongezi na fulana. Walizipokea kwa adabu, wakaendelea kuhama. Marehemu, mtu mzima wa Likoni, alikuja ofisini baada ya mimi kumfungia akaunti kwa kukataa abiria wengi mno. Nilimwamkia, nikamsomea kanuni zote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba tu nifuatane naye hadi kivukoni, upande wa Likoni. Kule, mwenzake akatuonyesha ombi lililokuwa limeingia: abiria yuko dakika tatu. Nikaitazama ramani. Abiria alikuwa kisiwani, na kati yetu palikuwa na maji na foleni ndefu ya magari yanayongoja feri.

"Dakika tatu, mwanangu, nikiogelea," akasema. "Na gari nimelibeba kichwani."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nikiwafikiria wote niliowafungia kwa kosa hilohilo. Nilimuuliza mbona yeye hakuhama.

"Nimewaandikia, hamjibu. Nikasema nije niwaone kwanza. Kwetu mtu hahami bila kuaga."

Siku hiyohiyo nilimfungulia. Kwa ajili ya wenzake nikaanza kuandika ripoti, nikawa nikibadilisha sentensi zake kwa miezi miwili, nikihofia kwamba meneja angeona kosa ni langu. Kila tulipoonana marehemu aliniuliza, "Na wenzangu?" Nami nilimjibu kwamba bado kidogo. Nilipokwenda matangani niliambiwa kuwa aliwasihi wenzake wasihame, akiwahakikishia kwamba kuna kijana ofisini anawashughulikia. Baadhi yao walikuwa wamekaa muda wote huo bila kazi, wakiningoja mimi.

Kesho yake niliipeleka ripoti kama ilivyo. Meneja akauliza nani aliyewafungia watu hawa. Nikasema ni mimi, na kwamba sitaondoka mbele yake kabla hajaniruhusu kuwafungulia. Aliniruhusu.

Nilidhani dereva hubaki kwa sababu ya zawadi. Sasa najua hubaki kwa sababu alisema neno akajibiwa, na kila siku tunayochelewa kumjibu, yeye ndiye anayeilipia. Tangu jana nawapigia simu wale niliowafungia, mmoja mmoja, si kuwashawishi warudi, bali kuwaomba radhi. Wa kwanza alinisikiliza, akasema ameshahamia kwingine, akakata. Nikapiga namba iliyofuata.