Sifuri Tatu za Hulda Kneupper

Kila Machi, tangu mumewe angali hai, Hulda Kneupper alipanda kilima cha nyuma ya nyumba alfajiri, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahesabu kwa masikio madume ya shavudhahabu yanayoimba. Ndege huyo hufuma kiota kwa magome ya mierezi mikongwe, na mierezi hiyo ilizidi kupungua hapa Texas. Daftari lilikuwa na hesabu za miaka thelathini na mmoja. Mwanzoni kumi na wanne, baadaye sita, kisha wawili. Halafu sifuri, sifuri, sifuri.

Wajenzi wa nyumba walikuwa mahakamani, wakitaka ndege aondolewe kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa. Wamejaa tele, walidai. Wakili Quintanilla, aliyesimama upande wa ndege, hakuwa na ushahidi mzito kuliko daftari lile.

"Jumatatu unaapa, Bi Hulda," alisema kwenye simu. "Sifuri zako zitatuokoa."

Jumamosi jirani yake, Elroy Behrends, alikuja kumsaidia kukaza waya za ua kilimani. Ghafla akasimama.

"Yule pale! Ana kelele kama mke wangu wa kwanza."

"Acha utani, Elroy."

"Utani gani? Tawi la chini, hapo!"

Hulda aliinua darubini. Mashavu ya manjano, mdomo wazi, koo likitetemeka. Kimya. Aliipiga ndoo teke, akaisikia. Upepo aliusikia pia; sauti nyembamba ya ndege tu ndiyo haikumfikia.

"Wako wangapi?" aliuliza polepole.

Elroy alitega sikio, kisha akamtazama, utani umemwisha. "Huyu, na mwingine bondeni. Basi. Zamani hapa palikuwa soko, Hulda."

Jioni Hulda alimpigia wakili, akamweleza yote.

"Nani mwingine anajua?" Quintanilla aliuliza.

"Mimi najua."

"Watauliza masikio yalianza kufa lini."

"Hilo ndilo silijui, mwanangu. Labda mwaka wa sifuri ya kwanza. Labda mwaka wa wale sita."

Jumatatu hakuna aliyeapa. Kesi iliendelea bila daftari, na kabla mwaka haujaisha ndege akaondolewa kwenye orodha.

Machi iliyofuata Hulda alipanda tena na ndoo yake. Ng'ambo ya ua mierezi ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Aliandika tarehe. Idadi hakuiandika. Msumeno wa mota uliponguruma kule ng'ambo, aliusikia vizuri kabisa.