Mablanketi Yetu Kwenye Maua ya Bosi

Juzi nilitoka Jeddah, kwa binti yangu pale mtaa wa Rawdah, nikaenda Riyadh kumwona mjukuu mchanga. Mke wa mwanangu ndiye aliyeendesha gari. Nikamwambia anipitishe mtaa wa Sulimaniyah. "Unataka kununua nini, mama?" Nikamwambia sitaki kununua, nataka kuona bustani. Tukazunguka wee. Mikahawa na maduka ya simu. Bustani mafi, hakuna hata moja.

Pale ndipo nilipokulia. Usidhani tulikuwa matajiri. Baba alikuwa mtunza bustani kwenye jumba la bosi mmoja, kafili wetu, yaani mdhamini aliyetuleta, na sisi tulilala chumba cha nyuma karibu na pampu ya maji. Skuli sikusoma sana, lakini bustani ile nikikaa nakuchorea yote.

Watu wanaijua Riyadh ya joto tu. Baridi ndiyo yenye kazi. Mitende inatolewa makuti makavu, mawaridi yanakatwa mpaka unadhani yameuawa, samadi ya kondoo inachanganywa na mchanga, na miche ya maua inapandwa pande zote mbili za njia. Mama alimpelekea Baba uji wa pilipili manga hukohuko, akaunywa kasimama.

Mwaka wetu wa kwanza bosi alikuwa anamwoza binti yake mwisho wa baridi, akataka njia nzima iwe maua. Baba akapanda, akamwagilia kama alivyozoea kwetu Unguja, jioni, jua likishapoa. Asubuhi moja nikatoka nje, nikamwita Mama nikamwambia kuna mtu kamwaga chumvi kwenye majani. Mama akagusa.

"Chumvi gani hii inayoyeyuka mkononi?"

Miche ilikuwa imelala chini yote, myeusi kama mchicha uliochemshwa.

Bosi akaja kajifunika joho. "Ulimwagilia jioni?"

"Ndiyo, bosi."

"Huku si kwenu. Maji yanaganda. Panda tena. Na hii ikifa, halas, basi, mnarudi kwenu."

Turudi wapi? Tulikwishauza mpaka kitanda.

Baba akarudi kwenye njia. Akapanda mbegu zilizobaki, akawa anamwagilia jua likishapanda, na miche ilipotoka akaifunika kila magharibi kwa magunia na makuti. Mtu mkubwa yule alipiga magoti mche kwa mche, akibonyeza udongo kwa kidole gumba taratibu, kama anamlisha mtoto. Nimeona watu wengi wakifanya kazi. Hivyo sijaona tena.

Kisha ikaja baridi yenye upepo. Makuti yakapeperuka, na magunia hayakufika mwisho wa njia. Baba akasimama anatazama pale palipobaki wazi. Mama akaingia ndani, akatoka na mablanketi yetu yote.

"Na watoto?"

"Watavaa nguo zao zote. Chukua bwana, usinisimamishe kwenye upepo."

Tukalala tumebanana kama tende, gauni juu ya gauni.

Asubuhi bosi akayakuta mablanketi ya watu yamejipanga kwenye njia yake. Akanyanyua pembe moja. Chini, kijani. Akamtazama Baba, akatutazama sisi tunavyotetemeka mlangoni.

"Yalla," akasema, "waanikie watoto mablanketi yao." Siku hiyohiyo akaleta turubai. Harufu ya samadi kwenye mablanketi haikutoka, na hakuna aliyeilalamikia.

Siku hizi maua yanaletwa na lori yamekwisha kuchanua. Yakifa, lori linakuja tena. Hakuna anayelala na baridi kwa ajili ya mche. Sisemi ni vibaya, nasema mtu kama Baba sijamwona tena.

Harusi ilikuta njia yote ina rangi. Baada yake joto likaja likayachoma maua yote, na Baba akaanza kuyang'oa. Nikamuuliza haoni uchungu, baada ya taabu yote ile.

"Uchungu wa nini," akasema bila kuinua kichwa, "na wewe bado uko hapa Riyadh unaniuliza? Shika ndoo."