Tulipokuwa Tukihamisha Zizi

Enzi zetu kule Kisesa, ng'ombe walihama kila mwaka bila kuondoka nyumbani. Mvua zikikaribia, baba aling'oa nguzo ya kwanza ya zizi, nasi watoto tukajua kazi imeanza. Tulibeba miti na miiba ya uzio hadi upande mwingine wa shamba, tukichomwa na kulalamika, na jioni ng'ombe walilala mahali papya huku wakilia utadhani wamefukuzwa kwao. Pale walipotoka palibaki udongo mweusi, laini, mguu unazama hadi kwenye kifundo. Hapo mama alipanda mahindi na maboga. Ukitumwa kumwita mtu shambani unapaza sauti tu, maana kwa urefu wa mahindi hamwezi kuonana. Ukigeuza bonge la samadi unakuta minyoo minene, na madundu wakisukuma vidonge vyao vya mavi kwa miguu ya nyuma. Tuliwashindanisha mbio hadi mama aanze kufoka.

Nyumbani hakikutupwa kitu. Jivu la jikoni, maganda ya karanga, hata maji yaliyooshewa dagaa, vyote vilikwenda shambani. Baba yeye alizidisha. Alitukataza kujisaidia vichakani tukitoka shule. "Chakula cha kwangu mnakipeleka shamba la watu? Baneni mpaka nyumbani!" Basi kila mchana kundi la watoto lilipita mbio, majirani wakidhani tuna njaa. Siku hizi mtoto wa mdogo wangu Masanja akiona mavi ya ng'ombe anavuta shati hadi puani, kisha anashangaa kwa nini mbolea ya dukani ni ghali.

Baba alipofariki, ng'ombe waligawanywa. Malisho yalikuwa yamekwisha, kila mahali nyumba. Kaka zangu wakaswaga ng'ombe wao kwenda mbali kusini kutafuta nyasi. Masanja, aliyebaki na mama, akauza wa kwake mmoja mmoja. Mama akawa anategemea ule udongo wa mazizi ya zamani, na kwa miaka kadhaa haukumwangusha.

Kisha yakaja malori. Mjini watu wanajenga, wanataka bustani, na bustani zinataka udongo mweusi. Mama alinipigia simu: "Njoo uongee na mdogo wako, anauza shamba likiwa limelala hapo hapo." Nilipofika, lori lilikuwa linaondoka limejaa udongo wetu. Nilimfokea Masanja mpaka majirani wakatoka nje.

"Dada, watoto wamerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada," alinijibu, macho chini. "Na udongo si udongo tu? Chini utabaki mwingine."

Ulibaki kweli. Mchanga mweupe.

Mama hakukubali kushindwa. Aliomba samadi kwa jirani, akaibeba kichwani ndoo kwa ndoo, na macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Akaitandaza, akapanda. Mvua kubwa ya kwanza ikapita juu ya mchanga ule usioshika chochote, ikabeba samadi na mbegu hadi korongoni, na korongo likamwaga mtoni. Nilimkuta amekaa kizingitini na ndoo yake tupu. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Nimeacha kujidanganya. Udongo ule ulitengenezwa na ng'ombe wengi na maisha yote ya baba. Hata Masanja akijuta leo, na najua anajuta, hautarudi sisi tukiwa hai.

Mwezi uliopita nilimleta mama Mwanza kutibiwa macho. Tulipotoka hospitali tulishuka ziwani apate upepo kidogo. Alikinga uso kwa kiganja, akatazama mbele kwa bidii, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona anatabasamu.

"Mwanangu, shamba la nani lile? Limestawi!"

"Si shamba, mama. Ni gugumaji. Limefunika maji, wavuvi wanashindwa kutoka."

"Na linakula nini mpaka linenepe hivyo?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mama hajawahi kupenda kudanganywa, nikamweleza kwamba mvua inasomba udongo na samadi huko mashambani, mito inaleta huku, na gugu linakula.

Tabasamu likaondoka. Nikawaza jinsi tulivyokuwa tukikimbia kutoka shule tumebana matumbo, ili cha nyumbani kirudi nyumbani. Sasa kila kitu kinaondoka, kwa lori na kwa maji, na hakuna anayekimbia kukirudisha. Mama alijifunga khanga vizuri, akaendelea kuutazama ule ukijani.

"Kumbe shamba letu limehamia huku," alisema.