Albamu ya Tatu Haikufika Omate

Nilimwonea wivu kabla hajawa mtu wa kuonewa wivu na mji mzima wa Goma. Tulikuwa wote kwenye kwaya ya parokia yetu, hapa Masisi. Mimi nilikuwa mwimbaji wa mbele, yeye alisimama mstari wa pili pamoja na wasichana waliokuja moja kwa moja kutoka shambani, udongo ungali kwenye visigino. Jumapili ya shukrani ya mavuno, siku watu wanapopanda kwenda altareni na vikapu vya maharagwe, nilipata mafua. Kiongozi wa kwaya akamwita yeye mbele. Aliimba, na mama mmoja aliyekuwa na kikapu kichwani akasahau kutembea, foleni yote ya sadaka ikasimama nyuma yake mpaka Padri akakohoa. Juma lililofuata nilikuwa nimepona, lakini kiongozi aliniambia, “Kaka, pumzika kwanza.” Nikapumzika miaka miwili.

Nafasi yangu nilirudishiwa siku alipohamia Goma kwa shangazi yake. Hakuna aliyesema kwamba naistahili. Ilikuwa wazi, nami nilikuwa karibu.

Wakati ule ndipo nilipofungua kibanda changu Lushebere, kando ya barabara. Nina kompyuta moja, betri ya gari na plaki ya sola juu ya bati. Kazi yangu ni kujaza nyimbo kwenye simu za watu, kwenye zile kadi ndogo tunazoita karte memori. Mkulima anayetoka kupanda muhogo hataki kuangalia orodha ya nyimbo elfu. Anakupa kadi, anakwenda sokoni, na anaacha neno moja: “Jaza tu.” Na wachimbaji ndio zaidi. Kijana anayekwenda Omate, kwenye mashimo ya dhahabu ya Walikale, anapanda pikipiki mpaka Kibua, baadaye anatumia miguu, na kule anakofika hakuna rezo, yaani mtandao wa simu. Ulichomtilia ndicho atakachosikiliza miezi mitatu, yeye na wenzake wote wa shimo moja. Kwa hiyo mtu kama mimi, ambaye hata mbwa wa jirani hamwogopi, nilikuwa naamua Omate wasikilize nini.

Albamu ya kwanza ya yule dada, aliyoirekodi Goma, haikuhitaji uamuzi wangu. Ilikuwa na wimbo wa mwanamke anayemsubiri mume aliyekwenda kuchimba, na wachimbaji walipousikia kila mmoja aliamini ameimbiwa yeye. Walikuja kibandani kwangu wakiuulizia kwa kuupiga mluzi. Niliutia kwenye simu, kwenye redio zinazochomekwa kle, yaani flashi, kwenye simu za wauguzi, kwenye simu ya katekista. Naweza kusema dada yule alinilisha. Watoto wangu walivaa sare za shule kwa sauti yake, na mimi nilikuwa nauma meno kila nilipobonyeza kitufe. Nyumbani mke wangu aliuimba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia chumvi imezidi. Akaniangalia, akasema sombe bado ingali kwenye kinu.

Ya pili ilitoka baada ya miaka kama miwili. Ilikuwa na ngoma za mashine, maneno ya Kilingala ambayo hata yeye alikuwa anayakanyaga kwa woga, na kijana fulani wa Goma aliyepiga kelele katikati ya kila wimbo kana kwamba amekanyagwa na ng’ombe. Watu waliichukua kwa pupa. Siku ya tatu walianza kurudi. “Kaka, toa hii, unirudishie ile ya zamani.” Mimi nilivaa uso wa msiba, nikatikisa kichwa, nikasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisema hivyo kwa kila mteja, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mtu amenituma niitangaze ile methali. Nilifurahi. Sitaki kulipunguza neno hilo. Nilifurahi kama mtu aliyepona jino.

Kisha ikaja ya tatu, na hapo ndipo penye hadithi.

Aliituma yeye mwenyewe. Dereva wa pikipiki alinipa kle iliyofungwa ndani ya kitambaa, na jioni ile nilipopanda mlimani kutafuta rezo nikakuta ameniachia ujumbe wa sauti. Hatukuwa tumezungumza tangu kwaya. “Kaka, wewe njo unajaziaka batu ba Omate. Mama alikufa, unajua. Iyi miziki munane nilifanya kisha kilio yake. Mwenye studio anasema kama batu ba kwetu hawaipokee, hatanirekodi tena, nirudie shamba. Unisaidie, kaka. Uwatilie.”

Nilirudi kibandani, nikafunga mlango, nikasikiliza. Nilikuwa nimejitayarisha kucheka.

Nimekuwa mwanakwaya tangu utoto. Sikio langu halinidanganyi hata ninapotaka linidanganye. Zilikuwa nzuri. Hapakuwa na mashine wala kijana wa kelele. Ilikuwa gitaa moja na sauti yake, sasa imeshuka chini kidogo, imekuwa ya mtu mzima. Kulikuwa na wimbo juu ya mbegu za maharagwe alizozikuta kwenye pindo la kitenge cha mama yake, ambazo mama alizifunga kwa ajili ya msimu ambao hakuuona. Ule wimbo niliurudia mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimekasirika. Albamu mbaya ningeitia kwenye kila simu ya Masisi kwa moyo mweupe. Hii nilishindwa.

Basi sikuitia. Mtu alikuja, akasema, “Jaza tu,” na mimi nikajaza rumba za zamani, mahubiri, vichekesho, na ule wimbo wake wa kwanza kwa sababu bila huo wangenirudishia kadi. Zile nane zililala ndani ya kompyuta yangu. Nilijiambia chema chajiuza. Kama ni nzuri hivyo, zitatembea zenyewe. Nilijua vizuri kwamba hakuna wimbo unaotembea wenyewe kutoka Lushebere mpaka Omate.

Baada ya majuma kadhaa alinipigia nikiwa mlimani. Aliuliza watu wanasemaje.

“Pole pole, dada,” nilisema. “Batu banazoea kwanza.”

Alinishukuru. Alimsalimu mke wangu kwa jina, akawauliza watoto. Halafu akasema mwenye studio amempa mpaka mavuno ya maharagwe, na kwamba ikishindikana atarudi kwa kaka yake hapa Masisi. “Minasikia kwaya iko ingali. Nitarudilia kuimba na ninyi, haina mubaya.”

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinichoma. Kilichonichoma ni ile picha: yeye amesimama mbele, mimi nimeambiwa nipumzike tena, safari hii na mvi. Usiku huo sikupata usingizi, na asubuhi yake nikaanza kuzitia nyimbo zake. Nilizitia kwenye kila kadi iliyopita mikononi mwangu, zote nane, nikaziweka juu kabisa ya orodha ili mtu akiwasha tu akutane nazo. Kundi zima la vijana lilikuwa linaondoka kwenda Omate juma lile. Wote waliondoka naye. Nilikuwa namsukumia umaarufu kwa mikono miwili ili akae mbali na mimi, na sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile.

Walirudi wakati maharagwe yanaanikwa. Wa kwanza kufika kibandani alikuwa mchimbaji mmoja mrefu, mteja wangu wa miaka mingi, mwenye tabia ya kuinama mlangoni hata pale ambapo mlango unamtosha. Alitaka nimtilie vichekesho vipya. Nikachomeka kadi yake, nikatafuta. Wimbo wa kwanza, ule wa mume aliyekwenda kuchimba, ulikuwepo. Zile nane hazikuwepo.

“Zile mupya za dada wetu ziko wapi?”

“Nilifuta, kaka. Zilikuwa zinakula nafasi. Niliweka video za mupira.”

“Hukuzipenda?”

Alifikiri. Ni mtu wa haki, hapendi kusema vibaya. “Ziko muzuri. Lakini mama yake alikufa, na mule ndani analia. Sisi kule kila siku udongo iko juu ya kichwa. Hatutake wa kutukumbusha. Ule dada wa mbele, wa ile miziki ya kwanza, njo wetu.”

Nikasema labda ni yeye tu. Nikaangalia kadi ya aliyemfuata, na ya mwenzake, na za wote waliokuja juma lile. Kila moja ilikuwa na wimbo wa zamani, na kila moja ilikuwa imesafishwa zile mpya, kwa usafi ambao wake zetu hawapati kwenye sufuria kwa majivu na mchanga. Mmoja wao hakukumbuka hata kama alikuwa nazo.

Nilimrudishia wa mwisho kadi yake. Majuma yale ya kuzificha nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye niliyemzibia njia, na dhambi hiyo, niseme kweli, ilikuwa imeniongezea urefu. Kumbe njia ilikuwa wazi na hakuna aliyetaka kupita. Hata ubaya wangu haukuwa na kazi. Niliwaonea wivu wale vijana, walioweza kumtoa kwa kidole kimoja na kusahau, wakati mimi nilikuwa naye kifuani tangu siku ya mafua.

Dada alinipigia mavuno yalipokwisha. Nilikuwa nimepanda mlimani, juu ya kambi ya wakimbizi, pale rezo inaposhika vizuri ukisimama karibu na jiwe, na chini yangu wanawake walikuwa wanapiga maharagwe kwa fimbo. Hakusalimu kwa kirefu.

“Kaka, uniambie kweli. Mwenye studio ananingojea na mimi iko hapa kwake. Batu ba Omate banasema nini?”

Nilikuwa na jibu mdomoni. Ndilo jibu nililolitamani miaka yote, na safari hii lilikuwa ukweli mtupu: wamekufuta, dada. Wamekusikiliza na wamekufuta. Niliisikia pumzi yake kwenye simu, fupi, ya mtu aliyesimama. Nilijua kwamba nikilitamka hatafungua tena mdomo wake mbele ya gitaa, maana nami pia ni mwimbaji na najua ni kipi kinachoua.

“Sikuwatilia,” nilisema.

“Nini?”

“Zile miziki. Nilizifungia mu mashine. Nilikuwa na wivu juu yako, dada, tangu kwaya. Omate hawakuzisikia.”

Aliuliza tena, sasa kwa sauti ya chini:

“Zote munane?”

“Zote.”

Na hapo akatoa pumzi, pumzi ndefu, nikaisikia sauti yake ikiinuka kutoka chini kama ilivyoinuka Jumapili ile. “Nilijua,” alisema. “Nilijua hapana kosa ya miziki. Nilijua iko muntu.” Halafu akanitukana. Alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kihunde, alimtaja bibi yangu ambaye hakumkosea kitu, na katikati ya matusi nikamsikia anageuka na kumwambia mtu aliyekuwa karibu naye, kwa furaha kabisa, kwamba hazikufika, hazikufika hata moja, kuna mtu alizificha. Akakata.

Nilibaki pale karibu na jiwe. Mtu angedhani ningejisikia mwepesi. Nilikuwa na wivu kuliko siku zote. Nimemwambia mtu kwamba nimemwibia msimu mzima wa maisha yake, na yeye alichosikia ni kwamba nyimbo zake ni nzuri. Mimi sijapata kujiamini hivyo, hata kwa dakika moja ya wimbo mmoja.

Habari ilifika Masisi kabla ya mimi kushuka, au ilikaribia. Jumapili kwaya iliniangalia. Mke wangu alipika na hakusema kitu, na mke wangu asiposema kitu ni heri akutukane. Kibandani wateja walipungua. Kuna kijana mwingine amefungua ng’ambo ya barabara, na yeye ndiye anayetumiwa kle kutoka Goma sasa. Watu wanasema kwamba nilimwua dada yao. Wanasema kwa uchungu wa kweli, na wengi wao ni wale ambao kadi zao nilizishika kwa mkono huu, zikiwa zimefutwa zile nane. Siwajibu. Nikiwajibu, neno litafika Goma.

Albamu ya nne imetoka. Mimi sikutumiwa. Juma lililopita yule mchimbaji mrefu alipita, njiani kwenda Omate, akaniomba nimchajie betri ya simu kwa muda mfupi, kwa kuwa kijana wa ng’ambo alikuwa amefunga. Alikuwa na albamu hiyo. Nikamwomba nisikilize wimbo mmoja. Alisita, akanipa simu, akasimama mbele yangu akinichunguza uso mpaka wimbo ulipokwisha. Lilikuwa lile gitaa moja tena, na sauti yake imezidi kushuka chini, na haina haraka hata kidogo.

“Iko muzuri,” nilimwambia.

Alichukua simu yake. Akatoa waya, akaiweka mfukoni, akainama kupita mlangoni. Nikamfuata mpaka barabarani, kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa anamngoja, nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba akifika kule asiifute albamu ile.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosa adabu. Aliniuliza ni nani amewahi kufuta nyimbo za dada yule.