Mwenye Maji Hapendi Masizi

Nilipokuwa mtoto, mwaka nilioanza darasa la kwanza, bibi mzaa baba alitusimulia kwa mara ya kwanza habari za Mwenye Maji. Tulikuwa uani tukipukuchua mahindi, mimi na binamu zangu wawili. Wenzangu husema ilikuwa jioni. Siyo kweli, jua lilikuwa linatuunguza migongo.

Bibi alisema kwamba chini ya chemchemi yetu anakaa mwenye maji mwenyewe, mweupe, asiyependa masizi. Katika ujana wa bibi, ng'ambo ya kilima, mke mgeni mmoja alichota maji kwa chungu kilichotoka motoni. Siku ya tatu watu wakakuta tope. "Hayakukauka," bibi alisisitiza. "Yalihama. Maji yana miguu, ila nyayo zake huzioni."

Kijiji chetu kiko kwenye miteremko ya Mufindi, chini kidogo ya barabara ya malori yanayokwenda Mgololo. Bondeni tulikuwa na vinyungu, zile bustani za kiangazi za maharage na mboga. Juu yake ndipo palipokuwa na chemchemi. Maji yalitoka ubavuni mwa kilima, yakapita kwenye kipande cha mwanzi, yakaanguka katika kidimbwi. Ndoo iliwekwa chini ya mwanzi. Kidimbwini ilichovywa kata safi tu.

Nikiwa darasa la tatu mama alinituma maji ya uji asubuhi moja. Ndoo yetu ilikuwa imetoboka, nikachukua sufuria ya jikoni, nyeusi tii kwa nje. Mwanzi ulikuwa unatoa maji kidogo mno nami niliogopa kuchelewa shule. Hapakuwa na mtu. Nikaichovya sufuria kidimbwini. Masizi yakaelea, yakazunguka polepole, nikayafukuza kwa mkono.

Mwezi huohuo maji ya mwanzi yalipungua yakawa uzi mwembamba tu. Kinyungu cha bibi kikanyauka. Wanawake waliochoka na foleni wakaanza kwenda mtoni, safari ya asubuhi nzima. Kisha mtu akaona weusi kwenye jiwe la kidimbwi, na macho yakamgeukia mama. Mama ni Msangu, aliolewa kutoka kule tambarare.

"Hawa hawajui chemchemi," shangazi alisema kwa sauti ya kusikika. "Kwao maji ni ya mfereji, wananywa pamoja na ng'ombe."

Bibi aliacha kula chakula cha mama. Kwetu hilo lilizidi matusi. Nilijua nani aliyechafua maji, na nilinyamaza.

Ndipo akaja dada mmoja, Subilaga, mtaalamu wa maji kutoka Mbeya, akiendesha pikipiki mwenyewe. Wataalamu wengine walikuwa wamewahi kufika. Walisimama, wakatuhutubia, wakaondoka. Huyu alisalimia kwa lugha yetu, "Kamwene," kwa lafudhi iliyowachekesha wote, kisha akaomba apelekwe kwa mtu aliyechota pale miaka mingi kuliko wengine. Akaletwa kwa bibi.

"Wewe Mnyakyusa," bibi alimtania njiani, "kwenu mvua hainyamazi hata siku ya msiba. Kiu utaijulia wapi?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, bibi. Nifundishe."

"Basi anza kwa kuvua viatu. Kwenye chemchemi hatukanyagi na viatu."

Akavivua, akavishika mkononi. Chemchemini akatoa saa ili apime muda wa ndoo kujaa. Bibi akaikataa.

"Saa yako siijui. Mimi husali. Tangu nilipoolewa, nikitega ndoo nasali Baba Yetu hadi ijae."

Subilaga aliirudisha saa mfukoni. "Leo ndoo inajaa kwa Baba Yetu ngapi?"

"Tusali tuone."

Tukasali sote kwa sauti, watu wazima na watoto, tukiitazama ndoo. Ilijaa katikati ya Baba Yetu ya kumi na moja. Baba mdogo Fidelis akasema kijiji kizima kitaingia mbinguni kwa ndoo moja. Subilaga alicheka, lakini aliandika: kumi na moja.

"Ulipoolewa, bibi?"

"Mbili, na sijafika Amina."

"Kanisa lilipoezekwa bati?"

"Mbili vilevile."

"Ile milingoti ya Fidelis ilipopandwa?" Subilaga aliuliza, akiionyesha mikaratusi iliyokuwa juu yetu.

"Ilikuwa michanga. Tatu."

"Ilipofika urefu wa nyumba?"

Bibi alifikiri. "Sita."

"Na mwaka jana?"

"Nane," bibi alijibu. Akainua macho kutazama ile mikaratusi tunayoiita milingoti, safu kwa safu, ikishuka hadi hatua chache kutoka kwenye mwanzi, mahali ambapo zamani paliota mivengi, miti yetu ya asili ya kandokando ya maji. "Basi masizi ya mwaka huu," alisema taratibu, "yamekuta maji yameshashika njia."

Hapo nililia. "Ni mimi," nikasema. "Siyo mama. Ni mimi na sufuria."

Subilaga alichuchumaa mbele yangu. "Sufuria moja haifukuzi maji. Lakini usirudie, watu wanayanywa."

Kisha akawaeleza watu wazima jinsi milingoti inavyofyonza maji mwaka mzima, na jinsi mivengi inavyokaa na chemchemi bila kuimaliza. Baba mdogo alikasirika. "Miti hiyo ndiyo bati la nyumba yangu, dada." Subilaga hakumwamuru aikate. Alipanda naye kilima akamwonyesha mahali pakavu, mbali na maji, ambapo milingoti ingefaa. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu Fidelis alichukua shoka akaanza na safu za chini.

Mtu alimuuliza Subilaga kama kweli yupo Mwenye Maji. Alijibu, "Mimi nimesomea maji. Mwenyewe sijamsomea."

Mchana wa siku niliyokiri, bibi alikwenda jikoni kwa mama, akaketi kwenye kigoda, akaomba ugali. Alikula akamaliza.

Subilaga alirudi mara nne akileta miche ya mivengi. Aliwafundisha akina mama kuzungushia chemchemi ua na kusogeza vinyungu chini zaidi. Baada ya masika ya pili ndoo ilijaa kwa Baba Yetu tano. Bibi alisema Mwenye Maji amerudi kwa sababu mtoto alikiri. Subilaga hakumpinga.

Nimekutana na wasomi wengi tangu wakati huo. Wengi wanajua mambo. Wachache wanajua nani wa kumuuliza. Bibi alikuwa na kipimo cha miaka arobaini kichwani, na hakuna aliyekiomba mpaka yule dada alipofika. Masharti ya bibi nayo sikuyaona tena kuwa ya kijinga: yalilinda usafi wa maji. Yalikosea jambo moja tu, kumtafuta mkosaji miongoni mwa wageni.

Bibi amefariki, na shangazi pia. Baba mdogo Fidelis yu hai, nyumba yake ina bati. Subilaga yu hai, amestaafu, anaishi Tukuyu. Mama yu hai, anaishi nami Iringa mjini. Mwaka huu, nikiandika haya, nilimuuliza kwa nini siku zile hakujitetea.

"Nilijitetea," alisema. "Nilisema siku ya kwanza kabisa. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili."