Mahali Alipocheka Werema

Mimi sina subira, na Migori nzima inajua. Mtu akiniletea kanda ya video iliyojaa makombo ya ugali, namwambia peupe, mimi Ahmednur sifugi panya. Lakini Mama Werema sikuwahi kumjibu vibaya. Jina lake Phelesia, mjane, mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha, mwembamba na mbishi. Akija dukani kwangu hapa Suna hukaa kwenye benchi mpaka niwamalize wateja wote, kwa sababu hapendi kuharakishwa.

Mwaka wa tisini na tisa nilileta kompyuta ya kunakilia kanda. Watu walikuja kuichungulia tu. Mama Werema akasikia, akafika asubuhi na kanda moja aliyoifunga kwenye leso. Akasema anataka iingizwe mle ndani ikiwa safi, isiharibike tena mpaka afe.

Ilikuwa kanda ya harusi ya binti yake, ya tisini na tatu. Harusi yenyewe haikumshughulisha. Katikati yupo Werema, kifungua mimba wake, anaigeukia kamera, anacheka, anamwita mamake. Mwaka uliofuata homa ikamchukua kwa siku tatu. Picha nyingine iliyobaki ni ya kitambulisho tu, na hiyo Mama Werema haipendi hata kidogo, anasema walimpiga mwanawe picha kama mwizi.

Wallahi nilijitahidi. Nilisafisha kichwa cha deki, ile mashine ya kuchezea kanda, kwa spiriti, nikaipeleka kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha ili ikazike sawa, nikaweka waya mpya. Picha ikatoka vizuri mpaka nikaanza kujisifu: turubai, sufuria za wali, hata vifungo vya gauni la bibi harusi. Mama Werema alikuwa akiwataja watu kwa majina na kucheka.

Tulipofika sehemu ya Werema, picha ikachafuka. Chenga tupu, nyeupe, kioo kizima. Sauti ilikuwa nzima: "Mama, kuja basi tupigwe picha," na kile kicheko chake. Uso hakuna. Kisha picha ikarudi safi, mjomba fulani anatafuna nyama. Nikarudisha nyuma. Nikasafisha upya. Nikajaribu deki ya pili. Chenga, palepale.

"Nilidhani ni macho yangu," Mama Werema akasema. "Siku hizi Werema amekuwa na ukungu."

Hapo nikakumbuka. Deki ya nyumbani kwake nilimuuzia mimi. Siku ile, kwa kujionyesha, nilimfundisha kitufe cha kusimamisha picha, nikamwambia akimtaka mwanawe abonyeze hapo, atakaa. Sikumwambia kwamba picha ikisimama, kichwa cha deki hakisimami. Kinaendelea kuzunguka, kinasugua utepe mahali pamoja, mpaka kinafuta kilichomo. Fundi mzima, nilijua, nikanyamaza ili niuze.

Nikamuuliza alikuwa akisimamisha mara ngapi.

"Kila jioni," akasema. "Naweka chakula, namsimamisha, nakula. Sipendi kula peke yangu. Nikimaliza ndio namwachilia aende."

Akaniuliza kama kompyuta inaweza kumrudisha. Nikamwambia haiwezi. Nilitaka kumwambia pia kwamba kosa ni langu, lakini mimi niliyezoea kugombeza kila mtu nilikosa pa kuanzia. Nilisema tu kwamba kanda huzeeka. Aibu ya neno hilo ninayo mpaka leo.

Hakulia. Alisogeza benchi karibu na kioo, akaomba nimwekee sehemu ile tena. Nikaweka. Akaomba tena. Wateja walisimama mlangoni, wakaona, wakaondoka. Kila Werema alipoita kutoka ndani ya zile chenga, mamake aliinamisha kichwa na kumjibu polepole, "Nakuja, baba."