Buibui Aliyelalia Mayai

Sisi tuliokulia mtaa wa Waberi, Garissa, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, tulicheza kwenye magome ya migunga, vidole vikinata kwa gundi yake. Humo aliishi buibui mdogo kuliko punje ya dengu, bapa, rangi yake ile ile ya gome. Hakufuma utando wa kunasia wadudu. Aliwawinda kwa mbio, akikimbia upande upande. Baba yangu, mwalimu aliyehamishiwa Garissa kutoka Nyeri, alisema anakimbia kama kaa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kaa, tukaamini tu.

Siku moja nilimkuta jike amelalia kifuko cheupe cha mayai. Nikamchokoa kwa mwiba. Hakukimbia, alizidi kukikumbatia. Nikachokoa tena, mpaka akatoweka upande wa pili wa shina. Huko rafiki yangu Sahra alikuwa ameegemeza kichwa, amefumba macho, akihesabu ili aje kututafuta. Akapiga yowe, mkono sikioni.

"Anatembea ndani," alisema.

Wakubwa wetu walikuwa wametuambia kwamba buibui akiingia sikioni hutaga ubongoni. Nilikaa mlangoni kwa nyanya yake, ambaye sote tulimwita Ayeeyo, naye akamlaza Sahra ubavu na kumtonesha samli ya uvuguvugu sikioni. Tukasubiri. Sijawahi kusubiri vile tena, hata nilipokuwa leba. Hatimaye buibui akaelea juu, amekufa.

Nikakiri yote. Ayeeyo hakunichapa.

"Huyo alikuwa mama," alisema. "Sasa nani atalinda mayai?"

Nikalinda mimi. Kila nikitoka shule nilikimbia kwenda kufukuza sisimizi kwa kijiti, nikihofia nimechelewa. Siku ya tano nilikuta kifuko kimepasuka, kitupu. Mpaka leo sijui kama watoto walitoka wenyewe au sisimizi waliniwahi.

Watoto wangu wakiona buibui hukimbilia dawa ya kupuliza, kisha hurudi kwenye simu. Woga wao haumalizi dakika. Sahra, ambaye bado ni jirani yangu, huwacheka. Lakini juzi fundi aliponiuliza kama aukate mgunga wetu uliobaki, apate nafasi ya ukuta, nilimwambia angoje. Nilisimama mbele ya gome mpaka shingo ikauma. Enzi zile uligusa tu, buibui wakatawanyika. Sasa niligusa, nikagonga, nikangoja, na hakuna kilichokimbia.